Waragi Usiku, Kidonge Asubuhi

ZAITUNI: Kaka Juma, mtu amekunywa waragi hadi usiku wa manane. Asubuhi kichwa kinampasuka, anaingia duka la dawa hapa Arua: "Nipe ya kichwa." Anapewa vidonge vya rangi mbili kwenye kijikaratasi kisichoandikwa kitu.

JUMA: Naye anameza.

ZAITUNI: Anameza vyote! Ni dawa gani, hajui.

JUMA: Tuseme ni Panadol.

ZAITUNI: Hiyo ni parasetamoli. Mtu mzima mwenye afya asipitishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Aliyekunywa bia moja jana akameza viwili leo, sina ugomvi naye. Ninayemhofia ni mnywaji wa kila siku. Ini likivunja parasetamoli, sehemu kidogo hugeuka sumu, na mwili huizima kwa kitu kinachoitwa glutathioni. Sasa huyu anakunywa sana, hali vizuri: glutathioni imepungua, na pombe imelizoesha ini kutoa sumu zaidi. Wa namna hiyo amwone daktari kwanza. Wengi huambiwa wasizidi gramu 2.

JUMA: Vidonge 4 tu! Na akiwa na mafua?

ZAITUNI: Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani. Akiongeza Panadol, amemeza dawa ileile mara mbili.

JUMA: Wajomba zangu wanaokunywa kwete, pombe yetu ya kienyeji, wanasema Panadol ni ya watoto, wao wanataka ibuprofeni.

ZAITUNI: Ibuprofeni, diklofenaki, aspirini, zote zinachubua tumbo. Pombe nayo inachubua, na asubuhi hiyo tumbo halina kitu. Akitapika vitu vyeusi kama unga wa kahawa, au choo kikiwa cheusi tii, hiyo ni damu. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

JUMA: Na ini likiumia, atajuaje?

ZAITUNI: Hapo ndipo roho inaniuma, kaka. Aliyezidisha parasetamoli, siku ya kwanza anaweza kusikia kichefuchefu tu, au asisikie chochote. Maumivu chini ya mbavu za kulia na macho ya manjano huja siku ya pili, ya tatu. Na dawa ya kumwokoa, asetilisisteini, hufanya kazi vizuri zaidi akiipata ndani ya saa 8 tangu azidishe. Kwa hiyo asingoje kuugua. Aende, abebe na pakiti.

JUMA: Lakini amepewa kijikaratasi, dada.

ZAITUNI: Ndiyo maana nawasihi, mwambieni muuzaji aandike jina la dawa na miligramu. Na mwambieni mlikunywa, msione haya. Yeye anahitaji kujua ili achague.

JUMA: Anayetusikiliza sasa hivi, kichwa kinamgonga?

ZAITUNI: Maji kwanza, kidogokidogo, halafu uji, halafu alale. Kama si mnywaji wa kila siku na ini lake ni zima, baada ya kula ameze parasetamoli mbili, asirudie kabla ya saa 4 kupita. Na jioni asiguse waragi.