Glasi Tatu za Wanga na Udongo wa Ruiru

(Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya walimu, wauguzi, wanafunzi na wakazi wa mji. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Watu husema Tanga waja leo waondoka leo. Mimi nilikuja mwaka 1994 na basi la kuondokea sijalipata mpaka leo, kwa hiyo naomba mnisikilize kama mwenyeji.

Kabla sijaanza, kijana mmoja aje hapa mbele. Njoo baba, usiogope. Jina lako halitakiwi, tunataka mate yako tu. (Kicheko.)

Glasi hizi tatu zina uji mwepesi wa wanga wa muhogo, kama ule wa kutilia kofia na kanzu kabla ya pasi. Ya kwanza naiacha ilivyo. Ya pili, tema humo, usione haya. Ya tatu natia kwanza unga wa kidonge nilichokisaga asubuhi, halafu nawe utatia mate kiasi kile kile. Ahsante, kakae. Tuziache hapo mezani. Joto la ukumbi huu litafanya kazi yake wakati mimi napiga domo.

Wanga ni shanga zilizotungwa kwenye uzi mrefu, na kila shanga ni sukari ya glukosi. Ukila muhogo wa nazi pale Ngamiani, utumbo hauwezi kuupokea mkufu mzima. Lazima ukatwe. Mate yanaanza kukata mdomoni, kongosho linaongeza kimeng'enya chake, yaani mkasi wake wa kukatia, na kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna vimeng'enya vingine vinavyomalizia, shanga moja moja, ndipo sukari iingie kwenye damu. Kwa mtu mzima wa afya hakuna tatizo. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, shanga zote zikiingia kwa mpigo, damu inafurika sukari saa moja au mbili baada ya chakula.

Sasa, miaka ya 1970, watafiti wa kampuni ya Bayer huko Ujerumani walijiuliza jambo ambalo naliona la busara sana: je, tukiugubika mkasi? Mkufu ukatwe polepole, sukari iingie kwa foleni. Wakaanza kutafuta kitu cha kugubika mkasi huo, na mahali walipopatafutia ni kwenye bakteria wa udongoni.

Kwa nini udongo? Chukueni udongo wa kujaza kijiko cha chai. Gramu moja tu inaweza kuwa na bakteria bilioni moja. Wamebanana humo kuliko abiria wa daladala la jioni, na wanapigania chakula kile kile: jani lililooza, mzizi uliokufa, wanga. Hawana miguu ya kukimbia wala meno, kwa hiyo wanapigana kwa kemikali. Kuna ukoo mmoja uitwao aktinomaiseti ambao ni mafundi wa kazi hiyo kupita wote. Mnawajua, ila hamjatambulishwa. Mvua ya kwanza ikipiga ardhi kavu, ile harufu inayomfanya mama mjamzito atamani kula udongo, sehemu kubwa yake ni jiosmini, na jiosmini hutengenezwa na hao hao. Streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kuitibu kifua kikuu, ilitoka kwao mwaka 1943.

Hapo nataka tutulie kidogo. Bakteria hatengenezi dawa. Anatengeneza silaha, au kufuli, au kitu cha kumnyima jirani chakula. Sisi ndio tunaokuja na swali letu. Aliyekuwa akiuliza “nani anaua vijidudu?” alijibiwa kwa antibiotiki. Wale wa Bayer waliuliza “nani anamzuia mwenzake kukata wanga?” na mmoja akajibu. Jina lake la ukoo ni Actinoplanes, namba yake ya maabara SE50. Alichotoa kinaitwa akabosi, na ndicho kilichomo kwenye kidonge nilichokisaga asubuhi. Taarifa zake za kisayansi zilichapishwa mwaka 1977, na mwaka 1990 ikaingia sokoni Ujerumani kwa jina la Glucobay.

Na huyo SE50 alichotwa wapi? Ruiru, Kenya. Hapo jirani na Nairobi, safari ya basi kutoka hapa kupitia Horohoro. (Minong'ono.) Ndiyo. Udongo wa jirani zetu.

Nimeona mama pale nyuma ananyoosha mkono. Anauliza kama basi tule udongo. Mama yangu, hapana. Udongo wa pemba hauna akabosi ya kukusaidia, una minyoo. Akabosi yenyewe hupatikana baada ya kumkuza bakteria kwenye matangi makubwa, kuichuja na kuisafisha. Na atakayewauzia chupa ya “maji ya udongo wa Usambara” kwa ajili ya sukari, mnajua la kumfanya.

Dawa hii humezwa na tonge la kwanza, kwa sababu mkasi lazima ugubikwe kabla mkufu haujafika. Ina aibu yake, na nitaisema wazi kwa kuwa wauguzi mpo. Wanga usiokatwa juu unashuka mpaka utumbo mpana, na huko kuna bakteria wengine wenye njaa wanaoufanyia karamu. Matokeo yake ni gesi. Gesi nyingi. Mtu anaketi barazani na wakwe zake... (Kicheko kirefu.) Mnacheka, lakini watu wanaacha dawa kwa sababu hiyo, hata ikiwa inawasaidia. Ndiyo maana huanza na dozi ndogo, na ndiyo maana kwa wagonjwa wengi dawa ya kwanza imebaki kuwa metfomini.

Lipo jingine ambalo muuguzi yeyote aliyemo humu aliandike leo. Mgonjwa anayetumia akabosi pamoja na insulini au glibenklamaidi, kidonge kingine cha kushusha sukari, sukari yake ikishuka ghafla, anatetemeka, jasho linamtoka, usimpe chai ya sukari nyingi ukangoja. Sukari ya mezani nayo ni shanga mbili zilizofungwa pamoja, na mkasi wake umegubikwa. Mpe glukosi ya unga, ile ya pakiti ya dukani. Hiyo haihitaji kukatwa.

Ukoo huu wa aktinomaiseti una vituko. Binamu mmoja, Streptomyces achromogenes, aliyechotwa kwenye udongo wa Kansas, Marekani, hutoa streptozotosini. Hiyo huua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Maabara duniani kote huwadunga panya streptozotosini ili wapate kisukari, kisha huwajaribia dawa. Udongo ule ule, ukoo ule ule, mmoja analeta ugonjwa na mwingine anatibu. Ukimuuliza vibaya utaondoka na sumu.

Kazi yenyewe ni ya kuchosha, vijana, msidanganywe na picha za watu waliovaa koti jeupe. Unachota udongo, unaukausha, unauzimua, unaumwaga kwenye visahani, unangoja wiki mbili au tatu kwa sababu aktinomaiseti hawana haraka. Bakteria wengi, zaidi ya tisini na tisa katika mia, hawaoti kabisa kwenye visahani vyetu. Wanaoota unawajaribu mmoja mmoja. Wengi hawana jibu.

Na kuna uzembe. Niwaambie wangu. Mwaka mmoja tulichota udongo sehemu arobaini, kuanzia mikokoni hadi milimani kule Amani, tukaandika chupa kwa kalamu ya wino mzito. Tuliporudi nikaamuru zipanguswe kwa spiriti ziwe safi. Wino wote ukatoka na kitambaa. Nilibaki na chupa arobaini nzuri, safi, zisizo na kwao. Mwanafunzi wangu mmoja alilia. Tukazimwaga.

Narudia kisa hicho kwa sababu ya Ruiru. Wakati SE50 anachotwa hapakuwa na sheria ya kimataifa ya kugawana faida. Mkataba wa Bioanuwai ulitiwa saini mwaka 1992, na Itifaki ya Nagoya, inayosema mwenye mali aombwe ruhusa na agawiwe, ilipitishwa mwaka 2010. Lakini hata madai tu ya Kenya ya kugawiwa yasingewezekana kama asingekuwapo mtu aliyeandika neno “Ruiru”. Sisi wa Tanga tunalo letu. Miaka ya 1890 mtawala wa Kijerumani wa hapa, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao ua dogo la zambarau kutoka huku Usambara. Leo limo kwenye vyungu vya madirisha dunia nzima na hadi mwaka 2015 jina lake la kitaalamu lilikuwa la mtawala huyo, Saintpaulia. Angalau watu wa mitaani Ujerumani bado wanaliita ua la Usambara. Kwa bakteria hata hilo halipo, maana hana petali za kumpendezesha mtu akaulizwa ametoka wapi.

Haya, muda umefika. Kijana wetu rudi. Shika iodini, matone mawili kila glasi. Ya kwanza? Buluu nzito, karibu nyeusi: wanga mzima. Ya pili? Angalieni, imebaki rangi ya chai hafifu. Mate yake yameumaliza wanga wote tukiwa tunacheka. Ya tatu, polepole... (Makofi.) Buluu. Mate yale yale, uji ule ule, saa ile ile.

Usizimwage bado. Chukua karatasi, andika tarehe ya leo, mahali, glasi ipi ina nini na mate ni ya nani. Hapana, weka hiyo kalamu. Tumia penseli.