Uhuru wa uchumi unapimwaje, na mbona unashuka

Shikamooni wazee, vijana mambo vipi. Kuna mtu kaniuliza pale mlangoni kama nimekuja Moshi kupiga siasa, hapana bwana, leo ni hesabu tu, ya jinsi uhuru wa uchumi wa nchi unavyopimwa.

Wapimaji wakubwa ni wawili, taasisi za utafiti. Heritage Foundation wa Marekani walianza 1995, maksi zao zinaishia 100, na Fraser Institute wa Kanada ripoti ya kwanza ni 1996, wao mwisho 10. Fraser wanaangalia vitu vitano: ukubwa wa serikali, mahakama na ulinzi wa mali, pesa kama inashika thamani, biashara na nje, halafu kanuni na vibali. Wanapiga wastani, na kwenye wastani hapo ndo pana mchezo.

Chukua Denmark, kodi zao balaa, na serikali ikiwa kubwa maksi zinashuka, kwa hiyo kwenye ukubwa wa serikali wanaburuzwa, ila mahakama ziko safi kwa hiyo jumla wako juu. Sasa nchi ambayo serikali yake imeshindwa hata kukusanya kodi nayo inaokota maksi hapohapo, eti serikali ndogo! Mimi hiyo sijawahi kuikubali.

Kushuka nako kuna aina. 2020 korona ilipiga dunia nzima, mipaka ikafungwa, serikali zikamwaga hela, Fraser wakasema hatua za kama miaka kumi zimefutika. Venezuela yenyewe imeporomoka taratibu, 1970 ilikuwa na walio juu, leo inaburuta mkia. Hong Kong ndo kichekesho, miaka 25 namba moja kwa Heritage, 2021 wakaitoa kabisa kwenye orodha kwa hoja kwamba sera zake mwisho wa siku zinatoka Beijing, wakati Fraser wanaendelea kuipima kivyake na bado ipo kileleni huko. Mji uleule jamani.

Haya, nyumbani. 2018 serikali ilisema kahawa yote ipitie AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, halafu mnadani hapa Moshi, mnunuzi binafsi asimfuate mkulima shambani. Kuna waliofurahi, walanguzi walikuwa wamezidi kweli, ila uhuru wa kuchagua nani anunue debe lako ulikatika msimu uleule. Na Fraser wanatumia takwimu za miaka miwili nyuma, yaani 2018 ya mkulima wa Kibosho imeingia kwenye ripoti ya 2020, tena imemezwa kwenye wastani wa nchi nzima, yeye ashavuna mara nyingine.

Karibuni maswali, tuanze na mama pale nyuma.