Kirby maana yake nini? Leo nawajibu

Jamani, habari za huko nyumbani. Kila nikiweka video swali ni lile lile: "Dada, hilo Kirby ni jina gani? Baba yako umemtupa?" Wapo watakaosema naringia uzungu, na wapo watakaosema nalalamika na huku niko Ulaya. Semeni, ila nisikilizeni kwanza. Kirby ni jina la ukoo wa mume wangu, nimelichukua; la baba yangu ni Mwakyusa.

Kirby, au Kirkby kwa namna nyingine ya kuliandika, ni kijiji. Ni maneno ya watu wa Skandinavia: kirkja ni kanisa, býr ni kijiji au shamba. Kijiji chenye kanisa, basi. Wadenmaki waliuteka mji wa York mwaka 866, na mwaka 876 wakagawana ardhi wakaanza kulima. Ndiyo maana huku Yorkshire ninakoishi kuna Selby, kuna Whitby. Na Kirkby ziko nyingi kaskazini mwa Uingereza: Kirkby Stephen, Kirkby Lonsdale, Kirkbymoorside. Kwa hiyo mnaouliza kijiji cha ukoo wa mume wangu ni kipi, hatuwezi kukionyesha. Kina Kirby wawili wanaweza wasiwe na undugu wowote.

Sasa sikieni linalonigusa mimi. Ukiwa Kirkby kwenyewe, nani atakuita wa Kirkby? Wote ni wa hapo. Jina hilo mara nyingi mtu alipewa akishahama, akiwa mgeni kwa watu. Hata Sheikh Uways al-Barawi, yule shehe wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia, al-Barawi yake, yaani "wa Barawa", ilikuwa na maana alipokuwa nje ya Barawa. Baadaye Waingereza wakaanza kurithishana majina hayo, na karani wa kodi ya kichwa mwaka 1379 akawa anaandika "de Kirkby", wa kutoka Kirkby. Ndiyo, kodi ya kichwa, kama ile waliyokuja kuwatoza babu zetu.

Kwa hiyo mnaponiambia nimejiunga na wenye nchi, mnaniumiza. Nimebeba jina la mhamiaji.

Makaratasi sasa. Cheti cha chuo kinasema Mwakyusa, pasipoti Mwakyusa, benki Kirby. Ofisi moja imenirudishia fomu mara tatu, kila mara wanataka nakala iliyogongwa muhuri na wakili. Zimenitoka pauni 210, hela ambayo ningemlipia mdogo wangu ada. Halafu dada wa kwenye simu ananiambia nifute hilo la zamani maana ni gumu. Gumu! Mwa- kwetu Unyakyusa inamtaja mtu, babu uliyetoka kwake. Lao linataja mahali, letu linataja mzee. Nilifuteje?

Simshauri mtu abadili wala asibadili. Viza zetu hazifanani, ndoa zetu hazifanani, muulize wakili wako.

Na baba sikumtupa. Nilimpigia kabla sijasaini, akauliza moja tu: watoto wataandikwaje? Nikamwambia Mwakyusa litakaa katikati. Fomu ya nne naipeleka posta Jumatatu, na nimeandika yote mawili.