Kioo Kilichogoma Kuinuka

Kabla sijaanza, tazameni ukutani. Ile nukta nyeupe juu kulia haimo kwenye picha zangu. Projekta yetu ni ya zamani, na ndani yake kuna kipande cha silikoni kilichosheheni vioo vya alumini, malaki. Kila kimoja kina upana wa mikromita 16 hivi. Panga vinne au vitano ndipo upate unene wa unywele. Kioo kikiinamia huku, nukta inang'aa. Kikiinamia kule, giza. Kifaa hiki alikibuni Larry Hornbeck wa Texas Instruments mwaka 1987. Nukta yetu ile ni kioo kimoja kilicholala upande mmoja, kikagoma kuinuka.

Kugoma huku kuna sababu. Dada wa mbele, shika vipande hivi viwili vya kioo cha dirisha. Vikavu, vinaachana bila taabu. Sasa natia tone moja la maji katikati. Haya, vuta... Umeona? Mpaka uvitelezeshe.

Punguza urefu wa kitu mara 1,000: eneo la uso wake linapungua mara milioni, lakini uzito unapungua mara bilioni. Ndiyo maana kule kwenye mikromita uzito si lolote; mwenye kauli ni uso. Unyevu wa hewani tu unaweza kukinatisha kioo. Wanafunzi wangu huhesabu nguvu za springi kurasa tatu, uso wakaupa mstari mmoja!

Nimekuja na jani la magimbi, nduma kwa ndugu zetu wa Kenya. Tone linabiringika kama gololi. Jani lina vijinundu vya kuonekana kwa hadubini, vimepakwa nta. Maji yanakalia ncha tu, chini yake hewa. Vioo navyo viliwekewa ncha za springi, kila kimoja kitue padogo na kisukumwe juu. Badala ya nta, ukatumika mvuke wa asidi yenye kaboni na florini, ukoo mmoja na utando wa kikaango kisichoshika: kichwa cha molekuli kinang'ang'ania alumini, mkia unabaki nje. Unene wake ni molekuli moja! Kisha kifaa kizima kikazibwa, unyevu usipenye.

Sasa nalisugua jani kwa kidole, hapa tu. Natia tone jingine. Halibiringiki tena, limelala palepale.

Nani ana swali?