Kuharisha Kusikokoma: Tuanze na Choo, Si Dawa

Ndugu zangu, hili nimelisema kila nilipopewa kipaza sauti na leo nalirudia. Mtu anayeharisha siku 14 na zaidi hatafutiwi tena dawa ya kufunga tumbo. Anatafutiwa chanzo, na chanzo kinaanza kutafutwa kwenye choo, yaani kinyesi chake.

Mtaani kinafanyika nini? Mgonjwa anatolewa damu, anapimwa Widal, anaambiwa ana taifodi. Mwezi ujao, taifodi tena! Kipimo hicho kipo tangu 1896, na kinachotafuta ni kinga ya mwili, si mdudu mwenyewe. Ukiwa uliugua zamani, au ulichanjwa, au una homa nyingine, kinaweza kusoma kwamba una taifodi wakati huna. Taifodi inathibitishwa kwa kuotesha damu, yaani kuiweka maabara mpaka mdudu mwenyewe akue na kuonekana. Tena taifodi ni ugonjwa wa homa; anayeharisha miezi miwili bila joto kupanda, mbona tunamsukumia taifodi?

Sasa choo chenyewe, na hapa ndipo ninapokasirika. Kopo linajazwa alfajiri, linaviringishwa gazeti, linapanda daladala, linafika dirishani saa nne, linakaa foleni mpaka saa saba. Amiba hai, yule tunayetaka kumwona akiwa amemeza chembe nyekundu za damu, kafa zamani. Choo cha majimaji kinatakiwa kifike kwenye hadubini ndani ya nusu saa. Kwa hiyo omba kopo, ingia choo cha hapohapo kituoni, mkabidhi mtu wa maabara kingali na joto. Kisichanganyike na mkojo wala maji ya kutawadhia. Na ukiambiwa "hakuna kilichoonekana", usiridhike na mara moja. Giardia, kimelea mwingine wa utumbo, haonekani kila siku. Leo yumo, kesho hayumo. Ndiyo maana tunaomba sampuli tatu za siku tofauti. Mtasema ni gharama. Hebu jumlisheni bei ya vidonge mlivyokwisha kumeza kwa kubahatisha.

Kuna atakayeniambia, "Mbona nilimeza Flagyl nikapona?" Inawezekana, maana inaua amiba na Giardia. Lakini pia inawezekana wiki ile hukugusa chai ya maziwa. Wengi wetu ukubwani, ukiacha baadhi ya jamii za wafugaji, utumbo hupunguza kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, na maziwa yanaweza kutuharisha. Giardia naye anaweza kukivuruga, na tumbo likaendelea kusumbua hata yeye akishatoka. Acha maziwa wiki mbili, andika kila unachokula na tumbo lilivyojibu, kisha nenda na daftari hilo kwa daktari.

Naona naonyeshwa saa. Upesi basi, vyanzo vingine: pima VVU. Anayetumia metformini kwa kisukari amwambie daktari, inaharisha. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi na kifua kikuu cha utumbo navyo vimo kwenye orodha. Damu kwenye choo, uzito kushuka, tumbo kukuamsha usiku: nenda hospitali, usipitie duka la dawa. Mtoto mdogo anayeharisha apewe ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, na zinki kwa siku 10 hadi 14, aendelee kunyonya na kula, na asingojeshwe majibu ya maabara ndipo aanzishiwe.