Hela ya korona mnayoniuliza: shangazi, jibu lako hili hapa

Haya jamani, habari zenu. Leo sina mandhari ya kuwaonyesha, niko mezani na chai yangu, maana kuna swali mmenichosha nalo. Kila nikiweka video ya jikoni, hata nikiwa namenya vitunguu tu, lazima atokee mtu: "Kaka, wakati wa korona si mlilipwa asilimia 80 mmelala, wewe ulijenga nini?" Juzi kaandika shangazi yangu mwenyewe wa Muheza. Shangazi, shikamoo.

Najua nikijibu, hawa watasema nalialia, wale watasema najishaua na London yangu. Semeni tu.

Hela ilikuwepo, sikatai. Ijumaa ya tarehe 20 Machi 2020 migahawa ya huku Uingereza iliamriwa kufungwa, na siku hiyohiyo serikali ikatangaza kwamba mfanyakazi atakayesimamishwa atalipwa asilimia 80 ya mshahara, mwisho pauni 2,500 kwa mwezi. Mshahara ule wa kwenye slipu, lakini. Bahshishi haimo.

Sasa mimi. Jumamosi ya tarehe 29 Februari niliacha kazi kwenye mgahawa wa zamani kwa tamaa ya pauni moja zaidi kwa saa. Jumatatu nikaanza kwingine. Sharti likatoka: uwe kwenye orodha ya mishahara ya bosi wako kufikia tarehe 28 Februari. Aprili wakaisogeza mpaka 19 Machi, nikarukaruka kama mtoto wa Idi. Kumbe taarifa za mshahara wangu zilitakiwa ziwe zimeshafika kwa watu wa kodi siku hiyo, na bosi mpya analipa mwisho wa mwezi! Bosi wa zamani aliruhusiwa kunirudisha kwenye orodha yake ili nilipwe. Nilichelewa kumpigia kwa woga, kwa sababu kibali changu cha kuishi huku kilisema sina haki ya fedha za umma, yaani misaada ya serikali. Baadaye sana ndiyo naambiwa hizi za asilimia 80 hazihesabiwi humo. Nikampigia mara nne. Eti mhasibu hataki makaratasi. Mtu niliyempikia Krismasi tatu mfululizo. Tuyaache.

Ila sikilizeni hii. Miezi ile ya mwanzo, aliyelipwa asilimia 80 hakuruhusiwa kumfanyia mwajiri wake kazi yoyote. Bosi mpya alipotaka kuuza chakula cha kubeba, mkuu wa jiko alikuwa nyumbani kwake kisheria. Kati ya wapishi tisa tukabaki wawili: mimi mgeni, na kijana mmoja wa Kolombia wa kwenye grili. Kwa hiyo shangazi, sikulala.

Na chakula cha boksi kina ukaidi wake. Chipsi ukizifunika, mvuke unazirudia, zikimfikia mteja zimelegea kama kamba ya viatu. Tulitoboa mifuniko, wapi. Tukaziondoa kwenye menyu. Samaki wa kukaanga naye akaondoka, tukahamia nyama za kuchemka saa nyingi na mchuzi mzito, vitu ambavyo pikipiki haiviharibu. Zile apu za kuagiza zinakata karibu theluthi ya bei, kwa hiyo bosi akaanza kuuza mpaka unga na mayai, maana madukani vilikuwa vimeisha. Mimi nikawa muuza genge, London.

Januari 2021 nikaugua mwenyewe. Posho ya ugonjwa ilikuwa pauni 95.85 kwa wiki. Kodi ya chumba changu sitaitaja hapa. Nikarudi kazini pua imekufa. Mpishi bila pua! Kitunguu kinaungua nimesimama juu yake, naona moshi ndiyo nashtuka. Chumvi nikawa napima kwa mizani, na yule Mkolombia ananionjea kila sufuria, kijiko chake pembeni, barakoa anaishusha na kuipandisha. Bosi hakuambiwa. Najua mtanisema, lakini kodi ya chumba haijui habari za pua.

Harufu zilirudi moja moja, iliki ndiyo ya kwanza. Kahawa mpaka leo inaninukia mpira ulioungua.

Wanaouliza kama waje kupika huku, siwezi kuwaambia njooni wala msije, kila mtu na kibali chake na bahati yake. Mimi binafsi siachi tena kazi kabla sijauliza ya pili inalipa tarehe ngapi. Na shangazi, bati za lile banda la kuku ulizopokea Desemba 2020 zilitoka kwenye zile nyama za boksi.