Konekti 16 na Koti la Shemeji

REHEMA: Karibuni tena, jamani. Deo leo kaja na sura ya msiba. Sijui nimpe pole au nimcheke.

DEO: Cheka tu, dada. Nimenunua konekti, zile tokeni za kuombea kazi kwenye soko la mtandaoni la Upwork, nikaomba kazi ya kutengeneza programu ya simu. 16 zikaondoka kwa ombi moja. Jana mteja kafunga tangazo, ombi langu hata hajalifungua.

REHEMA: Konekti moja senti 15 za dola. Dola mbili na senti 40 hizo.

DEO: Elfu sita hivi, na hapo bado bando.

REHEMA: Labda aliiona ile picha.

DEO: Usianze.

REHEMA: Wapo wasikilizaji wapya, wana haki ya kujua! Picha ya wasifu Deo alipigia studio Kariakoo, kavaa koti la shemeji yake. Mikono ya koti imemeza vidole. Halafu kifuani kuna ua la harusi!

DEO: Lilishonewa kabisa, ningelitoaje? Shemeji alikuwa mpambe.

REHEMA: Mteja kaona ua, kajua unaleta kadi ya mchango. Lazima afunge mlango!

DEO: (anacheka) Acha bwana. Tuongee ya maana.

REHEMA: La maana ni hili: mtafuta kazi asilipe ndiyo aombe. Mimi makala zangu nawindia ProBlogger, ubao wa matangazo ya kazi za uandishi ulioanzishwa na mwanablogu Darren Rowse wa Melbourne. Upo tangu 2006, na mwajiri ndiye anayelipia tangazo. We Work Remotely, ubao wa kazi za kufanyia nyumbani, vilevile. Mtu aliyetoa hela yake kutangaza kazi hana mchezo.

DEO: Hana mchezo, ila ana masharti. Unaandika barua ya maombi mpaka usiku wa manane, unashuka chini ya tangazo unakuta "wakazi wa Marekani tu". Na kwa kuwa ni bure, kila mtu anatupia. Konekti zinachuja.

REHEMA: Zinachuja wenye hela, siyo wenye uwezo. Aliyeongeza konekti anapandishwa juu ya orodha. Kijana wa Mbagala anayekuzidi kazi abaki chini kwa sababu ya elfu sita?

DEO: Fiverr je, lile soko lingine la mtandaoni? Kuweka huduma yako ni bure, lakini ukiuza ya dola 100 wanabeba 20. Umelipa tu.

REHEMA: Nimelipa nikiwa nimeshapata kazi!

DEO: Ukienda usaili Posta hulipi daladala?

REHEMA: Daladala inanifikisha Posta. Wewe konekti zimekufikisha wapi? Mimi naona Upwork ni ndugu moja na wale matapeli wa Telegram wanaodai "ada ya fomu".

DEO: Hapo unaonea. Yule tapeli hana kazi yoyote. Ajira Portal ya serikali kuomba ni bure, anayekudai ada kwa jina lao ni mwizi. Upwork bei wameiweka wazi, unajua unachonunua.

REHEMA: Nanunua nini? Kutofunguliwa?

DEO: Nafasi.

REHEMA: Haya, nafasi.

(Kimya kidogo.)

DEO: Hujanishawishi.

REHEMA: Wala wewe. Lakini angalau ile picha...

DEO: Nimeshaikata! Kichwa tu.

REHEMA: Kichwa na kola! Kola peke yake inatosha watu wawili!

DEO: Rehema, angalia saa. Wanakwaya wako mlangoni, wanasubiri chumba.

REHEMA: Mungu wangu. Na tulipanga mambo matano ya kukagua kabla hujaomba.

DEO: Hata la kwanza hatujagusa.

REHEMA: Toa moja, haraka.

DEO: Saa za usaili. Saa tatu asubuhi ya New York kwetu ni saa kumi jioni, ila majira yao ya baridi inakuwa kumi na moja. Muulize mwajiri anatumia saa za wapi, halafu...

REHEMA: Jamani wanakwaya, tunatoka, samahani! Deo, beba maiki yako.